Wajina Uwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanamichezo wa Nchi za Kireno Wenye Jina Moja

Kwa nini wanamichezo wa nchi za Kireno wanagongana majina kiasi hiki?

Sababu ni mbili, na zinasaidiana. Ya kwanza ni kwamba majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi. Silva, Santos, Oliveira, Pereira, Ferreira na Costa utayakuta Lisbon, São Paulo, Luanda, Maputo, Bissau na Praia. Majina ya ubatizo nayo yanachotwa kwenye kapu lile lile: João, José, António, Luís, Maria, Ana.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Mwanamichezo wa huko, hasa wa Brazil, hujulikana kwa neno moja tu: jina la kwanza, jina la utani, au jina la kwanza lililopunguzwa. Jina la maneno matano likikatwa likabaki neno moja, wajina hawakosekani.

Jina kamili la Kireno linasomwaje?

Linaanza na jina la mtu mwenyewe, moja au mawili. Linafuata jina la ukoo wa mama, na mwisho kabisa jina la ukoo wa baba. Kwa Wahispania mpangilio ni kinyume, baba kwanza kisha mama, na hapo wengi huchanganya. Chukua Pelé: Edson Arantes do Nascimento. Mama yake alikuwa Celeste Arantes, baba yake João Ramos do Nascimento. Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro naye ni vivyo hivyo: dos Santos ni upande wa mama, Aveiro ni upande wa baba. "Ronaldo" kwake ni jina la pili la ubatizo, si la ukoo. Kama fomu ina nafasi ya jina la ukoo, panapostahili kuandikwa ni Aveiro.

Maneno de, da, do, dos na das ni viunganishi, kama "wa" na "la" kwetu. Huandikwa kwa herufi ndogo na hayahesabiwi katika kupanga majina kwa alfabeti: dos Santos hukaa kwenye S, si kwenye D. Nchini Ureno sheria ya usajili inaruhusu maneno sita: mawili ya jina la mtu na manne ya ukoo. Hayo ndiyo yatakayokuokoa pale neno moja linapokushinda.

Angalia pia majina ya kwanza yenye maneno zaidi ya moja. Mkimbiaji wa Msumbiji aliyechukua dhahabu ya mita 800 Sydney mwaka 2000 ni Maria de Lurdes Mutola. "Maria de Lurdes" lote ni jina la kwanza. Ukoo ni Mutola.

Ronaldo ni yupi hasa?

Wapo watano ambao mwandishi wa michezo anapaswa kuwajua, si wawili.

Wa kwanza ni Ronaldo Luís Nazário de Lima, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1976: bingwa wa dunia 1994 na 2002, mabao 15 ya Kombe la Dunia, Ballon d'Or (tuzo ya mchezaji bora wa mwaka) 1997 na 2002. Wa pili ni Cristiano, aliyezaliwa Funchal, kisiwani Madeira, tarehe 5 Februari 1985: Ballon d'Or 2008, 2013, 2014, 2016 na 2017, na bingwa wa Ulaya 2016. Wa tatu ni Ronaldo de Assis Moreira wa Porto Alegre, aliyezaliwa mwaka 1980, Ballon d'Or 2005. Huyo ndiye dunia inayemwita Ronaldinho.

Wa nne na wa tano hawana umaarufu huo, lakini bila wao historia haieleweki. Kikosi cha Brazil cha 1994 kilikuwa na beki Ronaldo Rodrigues de Jesus. Alikuwa mkubwa kwa umri, akaitwa Ronaldão, yaani Ronaldo mkubwa, na Nazário aliyekuwa na miaka 17 akaitwa Ronaldinho, Ronaldo mdogo. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 kukawa na beki mwingine, Ronaldo Guiaro, na Nazário akacheza na jezi iliyoandikwa "Ronaldinho". Kwa hiyo ukikuta picha ya 1996 yenye jina hilo mgongoni na sura ya Nazário, usidhani imechezewa. Ni halali.

Kijana wa Porto Alegre alipopanda timu ya taifa ya wakubwa mwaka 1999, jina Ronaldinho tayari lilikuwa na mwenyewe. Wabrazili wakamwongezea jimbo lake: Ronaldinho Gaúcho, wa Rio Grande do Sul. Nje ya Brazil neno Gaúcho lilidondoka, na mwenye jina la awali akabaki Ronaldo tu. Ukisoma gazeti la Brazil la kabla ya 1999, "Ronaldinho" ni Nazário.

Nimeona jezi ya Real Madrid ya "Ronaldo 9" kwenye mitumba. Ni ya nani?

Inaweza kuwa ya yeyote kati ya wawili. Nazário alivaa 11 msimu wa 2002/03, kisha 9 hadi alipoondoka Januari 2007. Cristiano aliingia mwaka 2009 akakuta 7 iko kwa Raúl, akavaa 9 kwa msimu mmoja wa 2009/10 kabla ya kuchukua 7. Tazama mdhamini kifuani: Siemens au BenQ ni enzi za Nazário, bwin ni Cristiano. Hawakuwahi kuwa pamoja Madrid hata siku moja.

Viambishi -inho na -ão, na maneno Júnior, Filho na Neto, vina maana gani?

-inho hupunguza, -ão hukuza. Havihusu kimo peke yake. Vinahusu umri, mapenzi, au haja ya kutofautisha wawili walio katika timu moja.

Júnior na Filho (mwana) huonyesha kwamba mtoto amepewa jina kamili la baba. Neto ni mjukuu aliyerithi jina la babu, na Sobrinho ni mpwa. Hayo si majina ya ukoo. Neymar da Silva Santos Júnior haandikwi "Bwana Júnior". Ukoo wake ni Santos. Na kwa kuwa jina zima limenakiliwa kutoka kwa baba, ile kanuni ya mama kwanza haimhusu.

Tahadhari: Neto huwa alama ya mjukuu likikaa mwisho tu. Likiwa katikati, kama katika João Mário Neto Lopes, ni jina la ukoo la kawaida.

Kwenye mbio za magari, Nelson Piquet bingwa wa Formula 1 wa 1981, 1983 na 1987 ni baba. Mwanawe, Nelson Piquet Jr, anayeitwa Nelsinho, alikimbilia Renault mwaka 2008 na 2009, kisha akawa bingwa wa kwanza wa Formula E, mbio za magari ya umeme. Mtu akiandika "Nelson Piquet wa Renault" bila kuongeza kitu, ameacha kazi nusu.

Je, Juninho wa mipira ya adhabu ndiye aliyecheza Middlesbrough?

Hapana, na hili ni kosa linalorudiwa kila mwaka. Wa Middlesbrough ni Juninho Paulista: Osvaldo Giroldo Júnior, aliyezaliwa São Paulo mwaka 1973, bingwa wa dunia 2002. Wa mipira ya adhabu ni Juninho Pernambucano: Antônio Augusto Ribeiro Reis Júnior, aliyezaliwa Recife mwaka 1975, aliyebeba ubingwa wa Ufaransa na Lyon mara saba mfululizo kuanzia 2002.

Majina yao ya kwanza hayafanani hata herufi: mmoja Osvaldo, mwingine Antônio. Wamekutana kwenye ule "Júnior" wa mwisho, uliopunguzwa ukawa Juninho. Mwaka 2000 walicheza pamoja klabu ya Vasco da Gama, na hapo jina la jimbo halikuwa pambo. Bila hilo usingejua nani kapewa pasi na nani kafunga.

Majina ya mahali yanayofaa kukaririwa ni haya: Paulista (São Paulo), Carioca (mji wa Rio de Janeiro), Mineiro (Minas Gerais), Gaúcho (Rio Grande do Sul), Baiano (Bahia), Pernambucano (Pernambuco).

Arsenal ina Gabriel wangapi?

Swali hili tunalipata sana kutoka kwa mashabiki wa Afrika Mashariki, na lina haki yake. Kuanzia Julai 2022 walikuwa watatu kwa pamoja, wote Wabrazili: beki Gabriel dos Santos Magalhães, mshambuliaji Gabriel Fernando de Jesus, na winga Gabriel Teodoro Martinelli Silva. Mgongoni beki aliandika "Gabriel", wa pili "G. Jesus", wa tatu "Martinelli". Kwa hiyo kwenye karatasi ya timu "Gabriel" pekee ni beki, namba 6.

Kuna mtego wa nne. Kati ya Januari 2015 na 2017 Arsenal ilikuwa na beki mwingine wa kati, Mbrazili pia, aliyeandika "Gabriel" mgongoni: Gabriel Armando de Abreu, anayejulikana kama Gabriel Paulista. Klabu moja, nafasi moja, jina moja. Ukikuta video ya "Gabriel wa Arsenal" usikimbilie kuamini kichwa chake; angalia msimu. Hadi 2017 ni Paulista, tangu 2020 ni Magalhães.

Danilo wawili wa Porto walitofautianaje?

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu karibu kila kipimo cha kawaida kinashindwa. Danilo Luiz da Silva, beki wa pembeni wa Brazil, alizaliwa Bicas, Minas Gerais, Julai 1991. Danilo Luís Hélio Pereira, kiungo wa Ureno, alizaliwa Bissau, Septemba 1991. Mwaka mmoja, jina la kwanza moja, hata jina la pili moja. Na kiangazi cha 2015 wa kwanza alitoka Porto kwenda Real Madrid, wa pili akaingia Porto kutoka Marítimo.

Ukitafuta takwimu za "Danilo Porto 2015" utapata nusu mwaka wa mmoja na nusu mwaka wa mwingine. Gawa kwa msimu: 2014/15 ni Mbrazili, 2015/16 ni Mreno. Ukiona jina kamili, tazama herufi moja: kwa hawa wawili, Luiz kwa z ni Mbrazili, Luís kwa s ni Mreno.

Tahajia inaweza kunionyesha nchi?

Mara nyingi, ndiyo. Brazil huandika Antônio, Ureno na Afrika ya Kireno huandika António. Thiago na Matheus zenye h zinaelekea Brazil. Tiago na Mateus zaidi ni Ureno. Kiungo Matheus Nunes anachezea Ureno, lakini h yake inasema ukweli: alizaliwa Rio de Janeiro.

Alama nyingine ni mwisho wa jina la ukoo. Kireno humalizia kwa -es, Kihispania kwa -ez: Bruno Fernandes ni Mreno, Enzo Fernández ni Muajentina, Nunes ni wa Kireno, Darwin Núñez ni wa Uruguay. Hiyo ni dalili tu, usiifanye hukumu. Watu huhama, na majina huhama nao.

Éder aliyefunga kwenye Euro 2016 ni wa Ureno au wa Italia?

Wote wawili walifunga. Éder Citadin Martins, mzaliwa wa Lauro Müller nchini Brazil, aliifungia Italia bao la ushindi dhidi ya Uswidi dakika ya 88. Ederzito António Macedo Lopes, mzaliwa wa Bissau, aliifungia Ureno bao la pekee la fainali dhidi ya Ufaransa, dakika ya 109. Kama habari inasema "bao la Éder, Euro 2016" na haitaji mpinzani, haijakamilika. Tena wote hao si Éder Aleixo de Assis, winga wa kushoto wa Brazil wa Kombe la Dunia 1982.

Na Vitinha? Na João Mário?

Vitinha wote wawili ni Wareno, wote ni Vítor, wote wamezaliwa mwaka 2000. Vítor Machado Ferreira ni kiungo wa PSG. Vítor Manuel Carvalho de Oliveira ni mshambuliaji. Alitoka Braga kwenda Marseille Januari 2023, baadaye Genoa. Kwa muda wakawa ligi moja, katika klabu mbili zenye uhasama mkubwa Ufaransa. Nafasi uwanjani ndiyo njia ya haraka ya kuwatenga.

João Mário mkubwa (1993) ni João Mário Naval da Costa Eduardo, bingwa wa Ulaya 2016, ndugu yake Wilson Eduardo aliyechezea Angola. Mdogo (2000) ni João Mário Neto Lopes, beki wa kulia aliyekulia Porto. Kati ya 2021 na 2024 mkubwa alikuwa Benfica, hivyo mechi ya Benfica na Porto ilikuwa na João Mário kila upande.

Wajina wa michezo tofauti wanaleta shida?

Shida kubwa, kwa sababu msomaji hajiandai. Mfano tunaoupenda ni Rui Costa. Rui Manuel César Costa, kiungo mchezeshaji, alicheza Fiorentina, mjini Florence, kuanzia 1994 hadi 2001; mwaka 2021 akawa rais wa Benfica. Rui Alberto Faria da Costa ni mwendesha baiskeli wa Póvoa de Varzim, aliyeshinda Tour de Suisse 2012, 2013 na 2014. Ubingwa wake wa dunia wa barabarani wa 2013 aliupata wapi? Florence. Kwa hiyo hata ukiongeza jina la mji hujatenganisha kitu. Ongeza mchezo.

Ricardinho wapo watatu. Ricardo Luís Pozzi Rodrigues aliitwa Brazil dakika za mwisho mwaka 2002 baada ya nahodha Emerson kuumia bega, akarudi bingwa wa dunia. Ricardo Filipe da Silva Braga ni Mreno wa futsali (soka la ukumbini), bingwa wa dunia 2021. Ricardo Steinmetz Alves ni Mbrazili wa soka la wasioona, na bao lake ndilo lililoamua fainali ya Paralimpiki ya Rio 2016 dhidi ya Iran. Huyu wa tatu ndiye anayedhulumiwa zaidi: mafanikio yake hufunikwa na wajina wake kwenye matokeo ya utafutaji. Mwandishi mwenye haki ataandika jina lake zima.

Kwa wanawake wa Brazil, jina la kuangalia ni Fabiana. Fabiana Claudino na Fabiana de Oliveira walichukua dhahabu ya voliboli pamoja Beijing 2008 na London 2012. De Oliveira, aliyekuwa libero (mchezaji wa ulinzi tu), huitwa Fabi. Fabiana Murer ni wa kuruka kwa upondo, bingwa wa dunia Daegu 2011. Na kwenye Rio 2016 Bruno wawili walipata dhahabu: Bruno Rezende (Bruninho) ndani ya ukumbi, Bruno Schmidt kwenye voliboli ya ufukweni.

Wanaoitwa da Silva ni ndugu?

Si lazima, na kwa kawaida sivyo. Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa Lourenço Marques, leo Maputo, akaifungia Ureno mabao 9 kwenye Kombe la Dunia 1966. Adhemar Ferreira da Silva ni Mbrazili, dhahabu ya miruko mitatu 1952 na 1956. Maneno ni yale yale mawili, yamegeuzwa tu, na undugu haupo. Simba ya Dar es Salaam iliposajili Wabrazili watatu mwaka 2019, wawili walikuwa Tairone Santos da Silva na Wilker Henrique da Silva. Usiandike "ndugu" mpaka upate jina la baba au mama.

Hali ikoje kwa wachezaji wa Angola, Msumbiji na Cape Verde?

Huko jina la uwanjani linaweza kuwa halimo kabisa kwenye cheti. Gelson Dala wa Angola jina lake ni Jacinto Muondo Dala. Aliingia Sporting ya Lisbon mwaka 2017 na kumkuta Gelson Martins, Mreno mzaliwa wa Praia. Wa tatu, Gelson Fernandes, naye alizaliwa Praia lakini alichezea Uswisi. Ndiye aliyewafunga Wahispania kwenye Kombe la Dunia 2010. Unapomtafuta Dala kwenye nyaraka rasmi, anza na Jacinto.

Kwetu, Yanga ilimsajili Muangola aliyeandikwa "Carlos Carlinhos" mwaka 2020. Carlinhos ni Carlos yule yule aliyepunguzwa, kwa hiyo hapo jina la ukoo halijatajwa bado. Luís Miquissone wa Msumbiji, aliyeifunga Al Ahly pale Dar es Salaam Februari 2021 akiwa Simba, ana bahati: Luís wamejaa, Miquissone ni nadra. Shikilia jina la nadra kila unapolipata.

Nithibitishe vipi kabla ya kuchapisha?

Anza na tarehe ya kuzaliwa, si klabu; klabu hubadilika. Ongeza mji wa kuzaliwa, kisha jina zima. Viwili kati ya hivyo vitatu vikilingana na chanzo chako, endelea. Kikilingana kimoja, simama. Linganisha msimu na mechi yenyewe, halafu namba ya jezi, ukikumbuka kwamba namba hurithiwa.

Unapotafuta mtandaoni, andika jina mara mbili, mara moja na alama za juu ya herufi na mara moja bila. "Éder" na "Eder" huweza kuleta orodha tofauti. Ukiona mtu ana mabao mengi kuliko mechi alizocheza, au amecheza nchi mbili wiki moja, takwimu za wajina zimemwagwa kwenye chungu kimoja.

Katika makala yako, taja jina zima pale linapotokea mara ya kwanza, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, kisha endelea na jina fupi. Kama wajina wote wawili wamo, usirudi kwenye jina fupi hata kidogo.

Mtangazaji ayatamkeje?

nh ni kama ny yetu: Ronaldinho ni "Ronaldinyo". lh ni kama "ly": Magalhães ni "Magalyainsh" kwa Wareno, na "Magalyains" kwa Wabrazili wengi. ão ni "au" inayopitia puani. Wabrazili wengi hutamka R ya mwanzo kama h, na l ya mwisho wa silabi kama u, hivyo Ronaldo kwao ni "Honaudu". Ukisikia "Honaudu" kwenye redio ya Rio, anazungumziwa Nazário. Wa Madeira huko huitwa Cristiano Ronaldo kwa kirefu.

Nimeshamchanganya mtu na wajina wake. Nisahihishe nini?

Jina kwenye habari ni sehemu ndogo. Badilisha maelezo ya picha, jina la faili la picha yenyewe, kiungo cha wasifu, na tarehe ya kuzaliwa uliyonakili. Picha ndiyo husahaulika zaidi: ikibaki na jina la faili lisilo lake, mwenzako ataichukua kesho na kosa litaanza upya mahali pengine.